Bakuli la Samarra na Alama ya Mikono Minne

Njooni karibu, wapwa zangu. Mkeka ni mpana, sogeleaneni.

Mmoja wenu kaniletea swali. Kasema hivi: "Mjomba, mjini kuna duka la Mhindi. Juu ya mlango wake kuna alama ya mikono minne, nyekundu, na pembeni yake wametundika maua. Halafu nikatazama filamu ya vita. Nikaiona alama ileile kwenye bendera ya watu wauaji. Imekuwaje? Mbona yule mwenye duka ni mtu mwema?"

Swali zuri hilo! Kuuliza si ujinga. Na mtoto anayeona jambo moja mahali pawili, akataka kujua linaunganaje, huyo ana macho ya mtafiti. Basi leo tutamjibu, na jibu lenyewe ni refu kidogo.

Kwanza tuijue alama. Okoteni kijiti. Choreni msalaba mchangani, mikono yote minne iwe sawa. Sasa kila ncha ikunjeni pembeni, zote zielekee upande mmoja. Basi. Hiyo ndiyo swastika. Mmeiona? Haya, ifuteni kwa kiganja. Kwa nini tuifute? Subirini, tutafika huko.

Hadithi hii sitaisimulia peke yangu. Yupo aliyenizidi umri mbali sana, naye aliiona alama hii mapema kuliko sisi sote. Yeye ni bakuli.

"Mjomba, bakuli linasema?"

Katika hadithi, mwanangu, kila kitu kina mdomo. Paukwa!

Pakawa!

"Mimi ni bakuli," lasema bakuli. "Nilifinyangwa kwa udongo, nikachorwa kwa rangi, nikachomwa motoni. Nina zaidi ya miaka 6,000. Kwetu ni Samarra, kando ya mto Tigris, katika nchi ambayo leo mnaiita Iraki. Nilipozaliwa, maandishi yalikuwa hayajabuniwa. Hapakuwa na kitabu, hapakuwa na barua. Mtu akitaka kuacha wazo lake duniani, alilichora.

"Nitazameni ndani. Pembezoni wapo samaki wanane, wanaogelea kwa kuzunguka. Ndani zaidi wapo ndege wanne wenye shingo ndefu, na kila ndege kakamata samaki mdomoni. Ndege nao wanazunguka. Na katikati kabisa, mahali ambapo mzunguko wote unakutana, ipo alama ya mikono minne. Lakini ukweli usemwe. Katikati yangu palivunjika, na mafundi wa makumbusho ndio waliopaunga na kuikamilisha alama kama mnavyoiona leo.

"Nililala ardhini maelfu ya miaka. Kisha akaja mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Herzfeld. Alichimba Samarra kati ya mwaka 1911 na 1914. Alinitoa mchangani, akanisoma kwa makini, akaniandika katika kitabu. Leo nakaa Berlin, katika Makumbusho ya Pergamon. Lishikeni jina hilo, watoto: Herzfeld. Mbele ya safari tutalihitaji.

"Nami nina neno moja la kuwaachia. Mimi ni chombo. Chombo hakichagui kinachotiwa ndani yake. Ukitia uji, kina uji. Ukitia maji, kina maji. Na alama nayo ni chombo. Ukitaka kuijua maana yake, usiitazame alama peke yake. Uliza: nani katia nini?"

Semeni wote. Nani katia nini? Vizuri sana.

"Mjomba, alama hii ilikuwa Samarra tu?"

La, mwanangu. Ilikuwa mahali pengi mno. Katika bonde la mto Indus, kwenye Pakistan ya leo, watu wa miaka zaidi ya 4,000 iliyopita waliichonga kwenye mihuri midogo inayoenea kiganjani. Wagiriki wa kale waliichora kwenye mitungi. Warumi waliipanga kwenye sakafu, kijiwe kimoja kimoja cha rangi. Kule Ein Gedi, karibu na Bahari ya Chumvi, kuna sakafu ya sinagogi la kale, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Alama hiyo imo sakafuni. Nalo hili lishikeni, maana nalo tutalihitaji.

Na Afrika? Imo pia. Nendeni Lalibela, Ethiopia, kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba. Kanisa la Bete Maryam lina madirisha yaliyotobolewa kwa umbo hilo. Nendeni Ghana, kwa Waasante. Zamani walipima vumbi la dhahabu kwa vipimo vidogo vya shaba, na baadhi ya vipimo hivyo vilibeba alama hiyo. Katika michoro yao ya adinkra iko moja iitwayo nkontim. Nayo ina mikono iliyokunjwa hivyohivyo, na maana yake ni uaminifu na utayari wa kutumika.

"Nani aliibeba kote huko? Alikuwa na jahazi?"

Ha! Swali limejaa akili. Sehemu nyingine ilisafiri na wafanyabiashara na watawa, hilo ni kweli. Lakini mwangalieni msusi wa mkeka. Anapitisha ukindu mmoja juu, mwingine chini. Mmoja kulia, mwingine kushoto. Vipande vinakutana kwa pembe, kimoja kinakunjia kingine. Mikono inayofanya kazi hiyo inaweza kuikuta alama hii bila kuitafuta na bila kufundishwa. Kwa hiyo mikono mingi iliipata, kila mmoja kwao. Na kila mmoja akatia maana yake.

Sasa twende India, maana huko alama hii haikuwa pambo tu. Huko ilipewa kiti cha heshima, na haijainuka hadi leo.

Kwa Wahindu, swastika ni dua ya heri. Huchorwa mlangoni ili baraka iingie na shari ipite mbali. Huchorwa kwenye kadi ya harusi, kwenye nyumba mpya, na hata kwenye gari jipya.

Kwa Wajaini, ambao dini yao inafundisha kutomdhuru kiumbe yeyote, hata mdudu, swastika ni somo zima. Muumini akiingia hekaluni anachukua punje za mchele mkavu. Anazimwaga taratibu juu ya meza ndogo, anazisogeza kwa kidole mpaka alama itokee. Mikono minne ni hali nne ambazo roho inaweza kuzaliwa: viumbe wa mbinguni, binadamu, wanyama na mimea, na walio katika mateso ya kuzimu. Juu ya alama anaweka vifungu vitatu vya mchele: imani sahihi, ujuzi sahihi, mwenendo sahihi. Juu zaidi anachora mwezi mwandamo na nukta moja. Hapo ndipo roho inapofika ikikombolewa. Mchele tu, wapwa zangu! Kwa mchele wa kiganja kimoja mtu amejikumbusha namna ya kuishi.

Wagujarati walivuka bahari kwa pepo za kaskazi miaka mingi kabla ya babu zenu kuzaliwa. Walifika Unguja, Mombasa na miji mingine ya pwani yetu. Walikuja na vitambaa, na mizani, na ibada zao. Mombasa kuna hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe. Dar es Salaam, Mtaa wa Kisutu, mahekalu ya Wahindu yamesimama jirani na maduka.

Na yule mwenye duka wa mjini? Sikukuu ya Diwali ikifika, ananunua daftari jipya la hesabu. Halianzi kwa bei ya sukari wala deni la mtu. Kwanza linawekwa mbele ya picha takatifu pamoja na taa na maua. Ukurasa wa kwanza unafunguliwa. Kidole kinachovya kwenye kumkum, ule unga mwekundu uliolowanishwa. Kinavuta mstari wa kwenda chini, na mwingine wa kukatiza. Kinakunja ncha nne. Kisha, katika kila pembe, kinaweka nukta moja. Nukta nne. Hapo ndipo mwaka wa biashara unapoanza, kwa kuomba heri na faida ya halali.

Nani katia nini hapo? Mwenye duka katia dua.

Dini ya Budha nayo iliichukua alama hiyo ikaenda nayo mashariki. Mtaona sanamu za Budha zenye alama hiyo kifuani. China, mwaka 693, Malkia Wu Zetian aliamuru iwe herufi rasmi, isomwe kwa neno linalomaanisha elfu kumi, yaani wingi wa mema yasiyohesabika. Japani, ukifungua ramani ukaiona alama hii, ujue pana hekalu la Kibudha. Ni hivyo tu. Kwa Mjapani anayetafuta njia, alama hii inamwambia: hekalu liko hapa.

"Basi ilifikaje kwa watu wa filamu?"

Ngoja, ngoja. Hapa njia inaanza kupinda. Kaeni vizuri.

Katika miaka ya 1870 mchimbaji wa Kijerumani, Heinrich Schliemann, alikuwa akichimba kilima cha Hisarlik, nchini Uturuki ya leo. Alikuwa anautafuta mji wa kale wa Troya. Akakuta vipande vingi vya udongo vya kusokotea uzi, na kwenye vipande hivyo alama ileile. Akashangaa. Akawauliza wasomi wenzake. Wote wakaanza kuitafuta kila mahali, nao wakaiona kila mahali.

Ulaya na Marekani zikaipenda. Wakaitia maana nyepesi, ya bahati njema tu. Waliichapa kwenye kadi za salamu. Kiwanda cha bia cha Carlsberg, Denmark, kiliifanya nembo, na tembo wa mawe wanaolinda lango la kiwanda hicho cha zamani jijini Copenhagen bado wanayo ubavuni. Maskauti walikuwa na beji ya shukrani yenye alama hiyo. Jeshi la anga la Finland liliichora kwa buluu kwenye ndege zake kuanzia mwaka 1918. Kanada kuna mji mdogo unaoitwa Swastika mpaka leo. Wakati wa vita serikali ilitaka kuubadilisha jina, wenyeji wakakataa. Walisema jina ni lao, nao walilitumia mapema kabla ya mtu mwingine yeyote kulichafua.

Nani katia nini? Hao walitia bahati. Hakuna aliyekufa kwa kadi ya salamu.

Lakini wapo waliotia kitu kingine.

Wasomi wa lugha walikuwa wamegundua jambo la kweli na zuri. Kisanskriti cha India, Kigiriki, Kilatini na Kijerumani ni lugha za ukoo mmoja. Maneno yao yanafanana kwa sababu yana asili moja. Hilo ni sahihi. Ila baadhi ya watu wakaruka kutoka lugha kwenda kwenye damu. Wakasema: "Palikuwa na taifa moja bora, taifa la Waarya. Sisi Wajerumani ndio watoto wake halisi. Alama hii ndiyo muhuri wake."

Je, ilikuwa kweli? Hebu tupime wenyewe. Mtu wa Lubumbashi anasema Kiswahili. Mtu wa Lamu anasema Kiswahili. Mtu wa Bujumbura anasema Kiswahili. Je, wote wana babu mmoja?

"Hapana!"

Mmewashinda maprofesa! Lugha hukopwa, hufundishwa, husafiri. Haikai ndani ya damu. Na hakuna damu iliyo bora kuliko nyingine. Uongo ule ulikuwa uongo tangu siku ya kwanza. Lakini ulinenepa, kwa sababu uliwaambia watu jambo walilopenda kulisikia: ninyi ni bora.

Mwaka 1920 chama cha Wanazi kiliichukua swastika kikaifanya alama yake. Kitambaa chekundu. Duara jeupe. Ndani ya duara, alama nyeusi iliyoinamishwa. Kiongozi wao aliitwa Adolf Hitler. Mwaka 1933 akashika serikali. Tarehe 15 Septemba 1935 bendera ile ikawa bendera pekee ya taifa la Ujerumani. Siku hiyohiyo zilitangazwa sheria za kuwavua Wayahudi haki ya uraia. Bendera na sheria viliingia kwa mlango mmoja, kwa saa moja. Ndiyo maana mtu hawezi kusema alipenda bendera ile lakini yaliyofuata hayamhusu.

Bakuli linataka kusema. Haya, sema, mzee wangu.

"Nawakumbusha jina la Herzfeld," lasema bakuli. "Aliyenitoa mchangani. Alikuwa profesa wa Berlin. Mwaka uleule wa 1935 aliondolewa kazini. Kosa lake? Alikuwa na babu wa Kiyahudi. Elimu yake haikuhesabiwa. Miaka yake ya kazi haikuhesabiwa. Ilihesabiwa damu tu. Mtu aliyeufunulia ulimwengu bakuli lenye alama ile alifukuzwa na watu waliojifunga alama ileile mikononi. Akaishi ugenini, na hakurudi kufundisha Berlin tena.

"Tena mkumbuke sakafu ya Ein Gedi. Mafundi wa sinagogi waliipanga alama hii karne nyingi kabla. Watu wa alama ya bendera wakawaua watoto wa watoto wao."

Ni kweli. Wanazi waliua Wayahudi wapatao milioni 6. Waliua Waroma, wale ambao zamani wengi wao waliishi kwa kuhamahama Ulaya. Waliua watu wenye ulemavu. Waliua wapinzani wao. Waliwakusanya watu kwenye kambi, wakawatesa, wakawaua. Wapwa zangu, siwezi kuwaeleza yote leo. Mtayasoma mkikua, na mnapaswa kuyasoma.

Lakini mmoja nitamtaja, kwa sababu alizungumza kama sisi.

Aliitwa Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, wakati Wajerumani wakiitawala nchi. Baba yake alikuwa askari wa jeshi lao. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, yeye mwenyewe akaingia jeshini akiwa mtoto, umri wa baadhi yenu. Vita vilikwisha. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Wakamnyima. Akabaki kule. Alifanya kazi ya mhudumu wa mezani, akaigiza katika filamu, na akawafundisha Wajerumani Kiswahili. Kiswahili hiki hiki, watoto! "Habari gani?" "Nzuri." Aliwafundisha yeye.

Alioa mwanamke wa Kijerumani siku chache tu kabla ya Hitler kushika serikali. Aliomba nishani ya waliopigana vita, akanyimwa. Mwaka 1941 walimkamata, kwa sababu mtu mweusi hakuruhusiwa kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Walimpeleka kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944. Leo katika njia ya waendao kwa miguu, jijini Berlin, mbele ya mahali alipoishi, kuna kibao kidogo cha shaba kilichoandikwa jina lake. Kiliwekwa mwaka 2007.

Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba habari za swastika ni ugomvi wa Wazungu peke yao, mwambieni: alikuwepo mwalimu wa Kiswahili kutoka Dar es Salaam.

"Mjomba, nimekasirika. Alama hii ifutwe dunia nzima!"

Hasira yako ni ya haki, mwanangu. Mtu anayesikia haya asikasirike ana kasoro. Lakini tulisikilize bakuli kidogo. Lenyewe ni chombo, linajua mambo ya vyombo.

"Tuseme bibi yenu ana chungu," lasema bakuli. "Alikirithi kwa mama yake, naye mama kwa mama yake. Chungu hicho kimepika wali wa harusi. Kimepika uji wa mzazi. Siku moja akaja mtu, akakichukua bila kuomba. Akakipikia sumu. Akawapakulia watu wa mtaa wa pili, wakafa wengi. Sasa nawauliza. Mtoto wa mtaa wa pili akikiona chungu kile akatetemeka, ana kosa?"

"Hana!"

"Na bibi yenu akitaka kuendelea kupikia wali chungu cha mama yake, ana kosa?"

"Hana!"

"Kwa hiyo hakuna mwenye kosa?"

"Yupo! Aliyepika sumu!"

"Naam. Na mwingine?"

Hapo mmenyamaza. Nitawasaidia. Mwingine mwenye kosa ni yule ambaye leo, akijua vyema kilichotokea, anakichukua tena chungu ili apike sumu ileile. Wapo watu wa namna hiyo. Wanaichora alama ile kwenye kuta za masinagogi na kwenye makaburi ya Wayahudi usiku. Wanataka kuwatisha wenzao. Hao si wageni wa alama, wanajua wanachokitia.

"Watu wengine walifanyaje baada ya alama kutiwa sumu?"

Kila jamii iliamua kwa namna yake. Kule Marekani, mafundi wa Kinavajo na Kihopi na jamii nyingine za wenyeji walikuwa wakiitia kwenye mablanketi na vikapu, ikiwa na maana zao takatifu. Februari 1940, huko Arizona, wawakilishi wa makabila manne walitia saini tamko la kuiacha. Hawakuwa na kosa lolote, lakini hawakutaka kazi ya mikono yao ifanane na bendera ile. Fikirini uzito wake: kuacha urithi wa babu zako kwa sababu ya mwizi wa mbali.

Ujerumani, baada ya vita, ilipiga marufuku kuonyesha alama za Wanazi hadharani. Unaweza kufungwa jela. Lakini vitabu vya shule, makumbusho na kazi za sanaa vinaruhusiwa, kwa sababu lazima watu wafundishwe kilichotokea. Finland iliendelea na yake katika baadhi ya nembo za jeshi la anga kwa miaka mingi, kisha kamandi ya jeshi hilo ikaiondoa kimyakimya kwenye nembo yake.

Mwaka 2007 Ujerumani ilipendekeza marufuku hiyo ienee Umoja wa Ulaya wote. Wahindu wa Uingereza wakasema: "Jamani, na sisi? Hii ni alama ya ibada yetu." Pendekezo likaachwa. Na jimbo la Victoria, Australia, lilipotunga sheria ya kupiga marufuku alama ya Wanazi mwaka 2022, liliandika wazi kwamba Wahindu, Wabudha na Wajaini hawaguswi. Sheria ile haikuitazama mistari peke yake. Iliuliza nani katia nini.

"Mjomba, tutazitofautishaje? Nimesikia ya Wahindi inazunguka huku, ya Wanazi inazunguka kule."

Wengi husema hivyo, na wengi hukosea. Swastika ya Wahindu kwa kawaida ina mikono inayoelekea upande uleule wa ile ya Wanazi. Za Kibudha kule Japani ndizo mara nyingi huelekea upande mwingine. Kwa hiyo upande hautakupa jibu. Tazama yaliyoizunguka. Iko mlangoni mwa hekalu, pamoja na maua, taa na nukta nne? Hiyo ni dua. Ni nyeusi, imeinamishwa, iko ndani ya duara jeupe juu ya kitambaa chekundu? Au imekwaruzwa ukutani kwa siri pamoja na matusi? Hiyo ni sumu. Na kama bado huna hakika, muulize mwenyewe kwa adabu: "Samahani, shikamoo. Hii kwenu ina maana gani?" Watu hupenda kuulizwa kwa adabu kuhusu dini yao.

Sasa mnajua kwa nini niliwaambia tuifute mchangani. Sisi si Wahindu wala Wajaini. Hatukuichora kwa ibada. Tuliichora ili tujifunze, na somo likishaisha hatuiachi njiani. Mtu mwingine akipita, hajui tulikuwa tunajifunza. Anaweza kuwa mtu ambaye ukoo wake uliteketea. Kwa hiyo msiichore kwenye dawati kwa mzaha. Msiichore ukutani ili muonekane mashujaa. Mkiikuta imechorwa hivyo shuleni, mwambieni mwalimu, halafu msaidieni kuifuta.

"Swali la mwisho, Mjomba. Sumu ikishatoka, nani ana haki ya kusema chungu kimesafika?"

Mwanangu, hilo ndilo kubwa kuliko yote, na umelifikia mwenyewe. Si mimi mwenye haki hiyo. Si bibi peke yake, wala mtaa wa pili peke yao. Ni lazima wakae pamoja. Na wamekaa! Februari 2008 viongozi wa dini ya Kihindu na viongozi wa dini ya Kiyahudi walikutana Jerusalem. Walizungumzia mambo mengi, na hili likiwemo. Viongozi wa Kiyahudi walikiri kwamba kwa Wahindu swastika ni alama takatifu ya kale, ya heri, na kwamba Wanazi waliitumia vibaya. Waliokiri hivyo ni watu walioumizwa kuliko wote. Hawakulazimishwa. Waliketi, wakamsikiliza mwenzao, wakatamka.

Mtakua, wapwa zangu, na mtapewa alama nyingi. Bendera, nembo, beji, kofia za chama. Mtaambiwa mzivae na mshangilie. Nyingine zitastahili, na mtashangilia kwa moyo mkunjufu. Lakini kabla hamjavaa yoyote, ulizeni nani katia nini ndani yake, na ulizeni pia nani ataumia. Mkijibiwa kwamba ninyi ni bora kuliko majirani zenu kwa sababu ya damu tu, irudisheni kwa aliyewapa. Msione haya. Hata wakubwa wote wakiwa wamevaa, ninyi irudisheni.